Baron Forrester: Aliuchora mto Douro, mto ukamchukua

MEI 12, 1861, mashua iliyokuwa ikishuka mto Douro, kaskazini mwa Ureno, ilizidiwa na maji na kuzama kwenye mkondo mkali uitwao Cachão da Valeira. Miongoni mwa abiria alikuwa Joseph James Forrester, mfanyabiashara wa mvinyo mwenye umri wa miaka 51. Mwili wake haukupatikana hadi leo.

Ajali za mashua katika mto huo hazikuwa jambo geni. Kilichowashangaza watu safari hii ni jina la marehemu. Miaka 13 kabla yake, Forrester alikuwa amechapisha ramani kubwa ya mto Douro kuanzia mpaka wa Hispania hadi baharini, na mkondo wa Valeira ulikuwa ndani ya ramani hiyo. Aliyewaonyesha wenzake hatari za njia alifia katika njia hiyo hiyo.

Leo maelfu ya watalii hupanda meli mjini Porto kwenda kuangalia mashamba ya mizabibu na kuonja mvinyo hadi mpakani mwa nchi hizo mbili. Wengi wao husimuliwa kisa cha kifo cha Forrester. Hata hivyo, kwa wanaoishi kwa kununua, kuuza na kusafirisha mzigo, maisha yake yana mengi ya kujifunza kuliko kifo chake.

Mto mmoja, nchi mbili

Douro, ambao Wahispania huuita Duero, una urefu wa takriban kilomita 897. Unaanzia katika milima ya Urbión, mkoani Soria nchini Hispania, unapita nyanda za Castilla, kisha kwa zaidi ya kilomita 100 unakuwa mpaka wa Hispania na Ureno. Baada ya hapo unaingia Ureno na kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki mjini Porto.

Biashara iliyoupa mto huo jina duniani ni ya mvinyo wa Porto. Mwaka 1703 Uingereza na Ureno zilitiliana saini mkataba wa Methuen, ambao uliupa mvinyo wa Ureno nafuu ya ushuru kuliko ule wa Ufaransa. Wanunuzi wa Kiingereza wakamiminika Porto. Uchakachuaji nao ukafuata, na bei ikaanguka. Mwaka 1756 serikali chini ya waziri mkuu, Marquês de Pombal, ikaunda kampuni maalum ya kusimamia zao hilo na kuweka mipaka ya eneo linaloruhusiwa kuzalisha, kwa kusimika nguzo za mawe ya graniti. Hiyo ni moja ya mipaka ya kwanza duniani ya kulinda jina la bidhaa ya kilimo.

Mashamba yalikuwa bara, maghala yalikuwa Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya Porto. Barabara zilikuwa mbovu mno, hivyo mzigo ulipita majini. Mvinyo ulijazwa katika mapipa ya lita 550 na kupakiwa kwenye mashua zenye kitako bapa ziitwazo rabelo, zilizoongozwa kwa kasia refu la nyuma. Kushuka kulitaka ujasiri. Kupanda kulitaka tanga, kamba na mara nyingine ng'ombe wa kuvuta mashua kutoka ukingoni.

Pale Valeira njia ilikuwa imezibwa kabisa na miamba. Ilipasuliwa katika kazi iliyoanza mwaka 1780 na kuchukua zaidi ya miaka 10, ndipo mashua zikaweza kupita kuelekea mpakani. Hata hivyo, mkondo uliobaki uliendelea kuua.

Afika Porto wakati wa vita

Forrester alizaliwa Mei 1809 mjini Hull, Uingereza, katika familia yenye asili ya Scotland. Mwaka 1831 alikwenda Porto kufanya kazi na ami yake, James Forrester, aliyekuwa mbia katika kampuni ya mvinyo ya Offley.

Alifika wakati mbaya kwa mgeni anayeanza biashara. Mwaka uliofuata vita vya ndugu wawili wa ukoo wa kifalme, Pedro na Miguel, vilifika Porto na mji ukazingirwa kwa karibu mwaka mzima. Agosti 1833 majeshi ya Miguel yaliyokuwa yakirudi nyuma yaliteketeza maghala ya kampuni ya serikali huko Gaia, na mapipa maelfu ya mvinyo yakamwagika mtoni. Mwaka 1834 kampuni hiyo ilipokonywa ukiritimba wake, ingawa miaka michache baadaye ilirudishiwa sehemu ya madaraka ya kukagua na kupanga madaraja ya mvinyo.

Wageni wengi katika biashara hiyo walikaa Porto na kuwaachia madalali kazi ya kupanda bara. Forrester alifanya kinyume. Alijifunza Kireno vizuri, akapanda mto mara kwa mara, akalala kwa wakulima na kuyajua mashamba yao. Alikuwa pia mchoraji, na baadaye akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kupiga picha za kamera nchini Ureno.

Ramani

Wakati huo swali la mto Douro lilikuwa pia la kidiplomasia. Agosti 1835 Ureno na Hispania zilikubaliana kuwa vyombo vya nchi zote mbili viwe huru kupita katika mto huo. Hispania ilitaka ngano ya Castilla ishuke hadi bandari ya Porto badala ya kuzunguka njia ndefu za nchi kavu. Lakini kanuni za utekelezaji zilicheleweshwa upande wa Ureno, na mwaka 1840 mzozo ulikua hadi Hispania ikatishia kutumia nguvu. Ureno ilizipitisha kanuni hizo mwanzoni mwa mwaka 1841.

Hapo ndipo kazi ya Forrester inapopata uzito. Mkataba ulitoa haki ya kupita, lakini haukumwonyesha nahodha mwamba ulipo. Kwa gharama zake na kwa miaka mingi, mfanyabiashara huyo aliupima mto kutoka Vilvestre, upande wa mpaka wa Hispania, hadi São João da Foz kwenye mlango wa bahari. Alionyesha mikondo, miamba, vijiji na mashamba, na hata sehemu ya Hispania ambayo ingeweza kufanywa ipitike. Ramani hiyo ilichapishwa mwaka 1848, na serikali ya Ureno ikaitambua kuwa kazi ya taifa.

Ujuzi ambao awali ulikuwa vichwani mwa manahodha wa rabelo sasa ulikuwa kwenye karatasi. Mshindani wake yeyote aliweza kuununua.

Ugomvi wa mvinyo

Mwaka 1844 Forrester alitoa kijitabu kilichomgombanisha na wenzake. Hakuweka jina lake, lakini haikuchukua muda mwandishi akajulikana. Aliwashutumu wasafirishaji na wasindikaji kwa kuukoleza mvinyo rangi kwa matunda meusi ya mti wa elder, kuutia utamu na kuujaza brandi kupita kiasi, kisha kuupeleka Uingereza kama mvinyo halisi wa Douro.

Maelezo yake yalikuwa ya soko. Mwaka 1820 mavuno yalikuwa mazuri kupita kawaida, mvinyo ukatoka mzito na mtamu. Wanywaji wa Uingereza wakaupenda na kuutaka kila mwaka. Kwa kuwa hali ya hewa haikurudia tena, wafanyabiashara wakatafuta ladha ile kwa njia ya mkato.

Aidha, aliushambulia mfumo wa ukaguzi. Mvinyo uliopasishwa kwa soko la Ulaya ulipewa tiketi, na tiketi hizo zikageuka kuwa bidhaa yenye bei yake. Aliyekuwa nayo aliweza kuiuza, na mvinyo hafifu ukasafiri kwa karatasi ya mvinyo bora. Ushuru wa kuuza nje nao ulikuwa mkubwa kwa mzigo wa Ulaya na mdogo sana kwa mzigo wa nje ya Ulaya, jambo lililowafungulia mlango wenye kutafuta mianya.

Wakulima wengi walimuunga mkono, kwani jina lililokuwa likiharibiwa lilikuwa la ardhi yao. Wasafirishaji wengi walimpinga, na hawakukosa hoja. Walisema wanauza kile mnywaji anachotaka, na kwamba brandi ndiyo inayoufanya mvinyo uhimili safari na kukaa miaka mingi. Forrester hakunyamaza. Mwaka 1852 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikichunguza ushuru wa mvinyo. Mwaka 1855 Ureno ilimpa hadhi ya Baron, heshima kubwa kwa mfanyabiashara wa kigeni. Miaka hiyo ukungu wa majani, ugonjwa uitwao oidium, uliharibu mizabibu ya Douro, naye akauchunguza na kuandika juu yake.

Safari ya mwisho

Mei 1861 Baron Forrester alikuwa bara, akiwa na Dona Antónia Adelaide Ferreira na mume wake wa pili, Francisco José da Silva Torres. Antónia, aliyezaliwa mwaka 1811 karibu na mji wa Régua, alifiwa na mume wa kwanza mwaka 1844, akashika mashamba ya familia na kuyapanua hadi akawa mwenye mali mashuhuri kuliko wote bondeni humo.

Walipofika Valeira, mashua ikazidiwa. Antónia na mumewe waliokoka, Forrester akazama. Wenyeji husimulia kwamba mama huyo aliokolewa na sketi yake pana ya mtindo wa zama zile, iliyojaa hewa na kuelea, na kwamba Baron alivutwa chini na mkanda uliojaa sarafu za dhahabu za kuwalipa wakulima. Ni hadithi ya mtoni, na kila mwongozaji wa watalii huisimulia kwa namna yake.

Alishindwa wapi, alishinda wapi

Katika suala la brandi, soko lilimshinda. Mvinyo wa Porto unaojulikana leo ni ule ambao uchachukaji wake husimamishwa kwa kutiwa pombe ya zabibu, na kanuni zinautaka hivyo. Mtindo alioupinga ndio uliotajirisha bonde. Lakini wazo kwamba Douro inaweza kutoa mvinyo bora usiotiwa brandi halikufa. Mwaka 1952 kampuni ya Ferreira, yenye jina la familia ya Antónia, ilitengeneza Barca Velha, mvinyo wa mezani unaohesabiwa kati ya mvinyo bora wa Ureno. Upande wa Hispania, mvinyo wa Ribera del Duero ulipewa ulinzi wa jina mwaka 1982.

Kampuni za manusura na marehemu nazo zilikutana. Kampuni ya Sogrape ilinunua Ferreira mwaka 1987, na mwaka 1996 ikainunua Offley.

Njia yenyewe ilibadilika mara mbili. Mwaka 1887 reli ya Ureno ilifika Barca d'Alva na kuunganishwa na ya Hispania, mzigo ukaanza kuhama majini. Rabelo za mwisho za biashara ziliacha kazi katikati ya miaka ya 1960. Kisha reli nayo ikafungwa, upande wa Hispania mwaka 1985 na kipande cha mwisho cha upande wa Ureno mwaka 1988. Kipande cha Hispania chenye madaraja na mahandaki kilifunguliwa tena mwaka 2021, safari hii kwa watalii wanaotembea kwa miguu.

Wakati huo huo mabwawa matano ya umeme yalijengwa kwenye Douro ya Ureno, kila moja likiwa na chumba cha maji cha kupandishia na kushushia meli. Bwawa la Valeira lilikamilika mwaka 1976, na mkondo uliomuua Forrester ukafunikwa na maji tulivu. Tangu mwaka 1990 meli zinaweza kutoka Porto hadi Barca d'Alva na gati la Vega de Terrón, Hispania, safari ya takriban kilomita 210.

Abiria wanaofika huko hupita katika matuta ya mizabibu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2001. Jirani kuna michoro ya kale ya miambani katika bonde la Côa, Ureno, iliyoorodheshwa mwaka 1998. Mwaka 2010 iliunganishwa na ile ya Siega Verde, Hispania, ikawa urithi mmoja wa nchi mbili.

Hoteli, waendesha meli, madereva wa mabasi na wakulima wa pande zote mbili sasa wanakula kutokana na mto ambao mwaka 1840 ulikaribia kuwagombanisha. Mkataba ulifungua mlango, lakini njia haikuwa salama hadi ilipopimwa, ikachorwa na hatimaye ikajengwa. Forrester alifanya sehemu ya kupima na kuchora. Sehemu ya kujenga ilikuja miaka 115 baada ya kifo chake, na yeye mwenyewe ni miongoni mwa waliolipia ucheleweshaji huo.