Zélie Martin: Mama Aliyemfanya Mungu Mshirika wa Nyumba Yake



Siku ya harusi tunafundishwa kwamba ndoa ya Kikristo ina watatu ndani yake: mume, mke na Mungu. Sote tunaitikia Amina. Lakini tukishafika nyumbani, mara nyingi Mungu tunamtundikia picha ukutani na kumwacha hapo. Shamba linakuwa letu, duka letu, mshahara wangu na mshahara wako. Tunamkumbuka mtoto anapougua au karo inapokosekana. Hebu jiulize, ndugu msomaji: mtu uliyefungua naye biashara, lakini humwonyeshi daftari la hesabu wala humwulizi neno, unamtafuta tu siku ya hasara, je, huyo ni mshirika wako kweli?

Leo nataka kukusimulia maisha ya mama mmoja aliyejua biashara vizuri, na aliyejua pia maana ya kushirikiana na Mungu. Wengi wetu tunamfahamu binti yake, Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye makanisa na shule nyingi zina jina lake. Mama huyo ni Zélie Martin. Usidhani nyumba yake ilikuwa ya malaika. Ilikuwa na kazi nyingi, madeni ya wateja, mtoto msumbufu, na makaburi manne madogo.

Milango iliyofungwa

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831, karibu na mji wa Alençon, katika eneo la Normandy huko Ufaransa. Mama yake alikuwa mkali, na utoto wake haukuwa na furaha nyingi. Alipokuwa msichana alitamani kuwa mtawa ili awahudumie wagonjwa. Alikwenda kubisha hodi kwa masista, lakini mkuu wao alimwambia kwamba huo haukuwa wito wake.

Alirudi nyumbani na machozi, lakini hakukaa kitako kulia. Alijifunza kazi ya kutengeneza lesi ya Alençon, lesi iliyosifika Ufaransa yote na hata nje. Kazi hiyo hufanywa kwa sindano na uzi mwembamba sana. Kila mwanamke hushona kipande chake, kisha vipande huunganishwa mpaka mtu asione vilipokutania. Huko kuunganisha ndiko kulikokuwa kugumu, na ndiko Zélie alikokuwa hodari. Kufikia mwisho wa mwaka 1853, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alikuwa ameanza biashara yake mwenyewe, akiwapa kazi wanawake wengine.

Katika mji huohuo aliishi fundi wa saa, Louis Martin, aliyezaliwa Bordeaux mwaka 1823. Naye alikuwa amefungiwa mlango. Alikwenda hadi monasteri ya Mtakatifu Bernardo katika milima ya Alps akiomba kuwa mtawa, akaambiwa akajifunze Kilatini kwanza. Alijaribu, akaugua, akaacha. Akafungua duka la saa Alençon.

Wawili hawa walikutana mwaka 1858, na inasimuliwa kwamba mara ya kwanza walipishana darajani. Baada ya miezi mitatu tu walifunga ndoa, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 13 Julai 1858. Hapakuwa na shamrashamra.

Msomaji mpendwa, huenda na wewe ulikuwa na mpango mwingine. Ulitaka kusoma zaidi, au kuwa padre au sista, au kuolewa na mtu mwingine. Mlango ukafungwa, na leo unaishi na huyu uliye naye. Usimtazame kama mtu uliyempata baada ya kukosa ulichotaka. Zélie na Louis walikataliwa utawani wote wawili, na nyumba waliyoijenga ikawa baraka kwa Kanisa zima.

Wakakubali kushauriwa

Siku ya harusi yake Zélie alilia. Alikwenda kumtembelea dada yake aliyekuwa mtawa, na moyo wake ukatamani kubaki humo. Louis naye alikuwa na mawazo ya kitawa. Wakapatana kuishi kama kaka na dada, na waliishi hivyo kwa miezi kumi.

Mbele ya macho ya watu huo ungeonekana utakatifu mkubwa. Lakini padre aliyekuwa muungamishi aliwashauri waache, waishi kama mume na mke na kupokea watoto. Walikubali. Hapo tunajifunza jambo. Mtu anaweza kumchagulia Mungu njia ya kumtumikia, halafu akaiita njia hiyo mapenzi ya Mungu. Hata katika sala unaweza kufanya yako. Wapo wenzetu wanaokimbilia kila mkesha na kila semina, na nyumbani mume au mke analala na njaa ya mapenzi. Mungu aliyewaunganisha hakuwaita muwe watakatifu kwa kukimbiana.

Tangu hapo Zélie aliona furaha yake kubwa ni watoto. Alizaa tisa: wasichana saba na wavulana wawili.

Mume aliyeuza duka lake

Biashara ya lesi ilikua sana. Zélie alipokea maagizo, aligawa kazi, alikagua na kuunganisha vipande, mara nyingi mpaka usiku, huku ananyonyesha na kulea. Mzigo ukamzidi. Mwaka 1870 Louis alifanya jambo ambalo wanaume wengi wangeona aibu: aliuza duka lake la saa kwa mpwa wake, akaingia katika biashara ya mke wake. Yeye ndiye aliyesafiri kwenda Paris kutafuta wateja na kuuza.

Wewe baba unayesoma ukurasa huu, simama hapo kidogo. Je, mama akipata pesa zaidi yako kwa kushona, kuuza mboga au kufundisha, unamsaidia, au unaanza kununa na kuchelewa kurudi nyumbani? Louis hakupungukiwa na uanaume. Watoto wake walimheshimu kama mfalme. Na wewe mama, Zélie hakumdharau mumewe kwa sababu ya pesa. Katika barua zake nyingi zilizohifadhiwa hadi leo anamsifu kuwa mume mwema, na kuwatakia wanawake wote wapate kama yeye.

Na Mungu alishika wapi katika biashara hiyo? Alishika mahali pa kweli, palipogharimu. Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, mume na mke walikwenda Misa kabla ya kazi. Jumapili Louis hakufungua duka lake, ingawa wengine walifungua na kupata faida. Zélie aliwalipa wafanyakazi wake bila kuwacheleweshea, na mmoja akiugua alikwenda kumwona. Maskini aliyebisha hodi alilishwa. Siku moja Louis alimkuta mgonjwa wa kifafa kituo cha treni hana nauli. Alivua kofia yake, akatia pesa, akawazungukia abiria akiomba mpaka nauli ikatimia. Hivyo ndivyo Mungu alivyoonyeshwa daftari la hesabu.

Makaburi manne

Ndugu zangu, sasa tunafika mahali pagumu. Zélie na Louis waliomba sana wapate mtoto wa kiume atakayekuwa padre mmisionari. Mwaka 1866 akazaliwa Joseph. Alikufa mwezi Februari 1867, ana miezi mitano. Desemba mwaka huohuo akazaliwa mwingine, wakampa tena jina Joseph. Naye akafa Agosti 1868 akiwa na miezi minane. Februari 1870 akafa Hélène, msichana wa miaka mitano. Oktoba mwaka huo akafa Mélanie-Thérèse, mtoto mchanga wa miezi kama miwili. Watoto wanne katika muda usiofika miaka minne.

Wapo waliomwambia kwamba ingekuwa afadhali wasingezaliwa. Zélie hakukubaliana nao. Aliwalilia watoto wake, aliandika juu ya uchungu wake bila kuuficha, lakini aliamini kuwa wapo mbinguni na kwamba atawaona tena. Yeye na Louis hawakulaumiana. Nasema hivi kwa sababu najua nyumba ambazo kifo cha mtoto kilileta kifo cha pili, kifo cha upendo. Mume anamwona mke kama mwenye mkosi, mke anamwona mume kama aliyechelewa kutafuta gari la hospitali, na jamaa wanaongeza maneno. Mkifiwa na mtoto, lieni pamoja. Huo nao ni ushirika.

Tarehe 2 Januari 1873 Zélie, mwenye umri wa miaka 41, alizaa mtoto wa mwisho, Thérèse. Naye akaanza kudhoofika kama waliotangulia. Daktari alisema ni maziwa ya mama tu yatakayomwokoa, na Zélie hakuweza kumnyonyesha. Louis alikuwa safarini. Kulipopambazuka mama huyo alishika njia kwa miguu hadi kijiji cha Semallé, kilomita nane hivi, kumwomba mwanamke aliyemfahamu, Rose Taillé, aje kumnyonyesha mtoto. Wakarudi pamoja, mtoto akanyonya, akapona. Alikaa na mama huyo kijijini mwaka mmoja. Zélie alisali, lakini pia alitembea. Sala haikumfanya akae akingoja.

Na lile ombi la mmisionari? Mtoto huyo Thérèse aliingia monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux mwaka 1888, na hakutoka humo hadi alipokufa mwaka 1897. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1927 likamfanya msimamizi wa misioni zote duniani, pamoja na zetu. Wazazi waliomba mmisionari mmoja. Jibu lilikuja, lakini yeyote kati yao hakuishi kuliona.

Mtoto aliyesumbua

Usifikiri watoto wote walikuwa kama Thérèse. Léonie, aliyezaliwa 1863, alikuwa mgonjwa tangu utotoni, mzito wa masomo na mkaidi. Alirudishwa nyumbani kutoka shule ya masista. Zélie alijaribu upole, alijaribu ukali, akakata tamaa. Mwaka 1877 ndipo iligundulika kwamba mtumishi wa nyumbani alikuwa akimtisha na kumtawala mtoto kwa siri kwa miaka. Mama mwenye bidii na sala kama Zélie hakuwa ameona yaliyokuwa yakitendeka chini ya dari lake. Alipojua, alimvuta Léonie karibu, akakaa naye, na mtoto akaanza kubadilika.

Wazazi wenzangu, tunaotoka asubuhi na kurudi jioni, tunamwachia nani watoto? Mtoto anayeitwa mkorofi ameulizwa na nani kinachomuumiza? Léonie aliingia utawani mara tatu na kutoka mara tatu. Mara ya nne, mwaka 1899, alibaki mpaka kufa kwake mwaka 1941. Mwaka 2015 hatua za kumwombea atangazwe Mwenye Heri zilifunguliwa. Usimkatie mtoto tamaa.

Aliyoyaacha

Zélie alikuwa na uvimbe katika titi kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 1876 daktari alimwambia ni saratani na wamechelewa. Mwezi Juni 1877 alikwenda kuhiji Lourdes pamoja na binti zake watatu wakubwa. Hakuponywa. Alirudi amechoka, akaendelea na kazi mpaka nguvu zilipomwisha. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877, ana miaka 45. Louis alibaki na wasichana watano, mdogo akiwa na miaka minne na nusu.

Louis aliwahamisha watoto hadi Lisieux, karibu na mjomba wao, akawalea bila kuoa tena. Baadaye ugonjwa ulimvuruga akili, akakaa miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen. Alikufa tarehe 29 Julai 1894. Binti zake wote watano wakawa watawa. Tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza Zélie na Louis kuwa watakatifu siku moja, mume na mke pamoja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

Msomaji mpendwa, kumshirikisha Mungu hakukumpa Zélie nyumba isiyo na msiba. Kulimpa mahali pa kupeleka msiba, na mwenzake wa kwenda naye. Yeye alishona vipande. Aliyeviunganisha ni Mungu, na sasa sisi ndio tunaoiona lesi nzima.

Juma hili, mkishakula jioni na watoto wakalala, kaeni ninyi wawili. Zimeni redio. Kisha ulizaneni bila ugomvi:

1. Ni jambo gani la nyumba yetu ambalo hatujawahi kumwonyesha Mungu: pesa, kitanda, jamaa, au mtoto fulani?

2. Ni mzigo gani wa mwenzangu ninaoweza kuubeba, hata kama watu watanicheka?

3. Ni uchungu gani ambao kila mmoja wetu anaulilia peke yake?

Mkimaliza, salini Baba Yetu mkiwa mmeshikana mikono. Kesho yake anzeni na lile jambo dogo kabisa mlilopatana.