Doris Troy: Sauti iliyovuma kuliko jina lake

WAPENZI wengi wa muziki wa soul wanakifahamu kibao ‘Just One Look’, lakini ni wachache wanaolikumbuka jina la mwanamama aliyeshiriki kukitunga na kukiimba kwa mara ya kwanza, Doris Troy.

Msanii huyo alizaliwa Januari 6, 1937, jijini New York, Marekani, akiitwa Doris Higginsen. Baba yake, mzaliwa wa Barbados, alikuwa mhubiri wa Kipentekoste, na ni katika kwaya ya kanisa lake ndimo sauti ya binti huyo ilimokomaa. Nyumbani, nyimbo za kidunia hazikuwa na nafasi.

Hata hivyo, Doris alivutwa na jukwaa. Alipata kazi ya kuwaonyesha watazamaji viti vyao katika ukumbi maarufu wa Apollo, mtaani Harlem, na huko ndiko kipaji chake kilikomvutia mwimbaji James Brown.

Mwaka 1963 kampuni ya Atlantic ilitoa ‘Just One Look’ kama kilivyorekodiwa kwa majaribio, nacho kikafika nafasi ya 10 nchini Marekani. Mwaka uliofuata kundi la The Hollies la Uingereza lilikirudia, kikashika nafasi ya pili nchini humo. Wimbo ukazidi kusafiri, mwenyewe akibaki nyuma.

Mwaka 1969 alihamia London na kujiunga na Apple, kampuni ya Beatles. Albamu aliyoitayarisha pamoja na George Harrison ilitoka mwaka 1970, lakini haikupata soko. Sauti yake ilisikika zaidi nyuma ya wengine, ikiwemo katika albamu ya Pink Floyd ya mwaka 1973, ‘The Dark Side of the Moon’, iliyouzwa kwa mamilioni.

Heshima yake ilirejea kupitia mchezo wa jukwaani. Mwaka 1983 dada yake, Vy Higginsen, alifungua huko Harlem mchezo wa ‘Mama, I Want to Sing’, unaosimulia maisha ya Doris. Yeye mwenyewe aliigiza humo kwa miaka mingi, si kama Doris, bali kama mama yake. Binti aliyeiacha kwaya akafuata muziki wa kidunia, sasa alisimama mahali pa mzazi anayeogopa kumpoteza mwanawe.

Alifariki dunia Februari 16, 2004, mjini Las Vegas, kwa maradhi ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 67.