Moody: Muuza viatu aliyewaita wanachuo kambini, akawaachia nafasi

Julai 1886, wanafunzi 251 wa vyuo vikuu walishuka na mabegi yao Mount Hermon, karibu na mto Connecticut, jimbo la Massachusetts, Marekani. Walikuja kambi ya majira ya joto ya karibu mwezi mzima, kujifunza Biblia. Mwenyeji wao, Dwight L. Moody, hakuwa na chuo chochote. Shule yake iliishia utotoni.

Alizaliwa Februari 5, 1837, Northfield, kijiji cha ng'ambo ya mto huohuo. Baba yake, fundi mwashi, alifariki Moody akiwa na miaka 4. Mama akabaki na watoto 9, wawili kati yao mapacha waliozaliwa baba akiwa tayari kaburini.

Akiwa na miaka 17 alienda Boston kutafuta maisha. Mjomba wake alimpa kazi kwenye duka la viatu, kwa sharti la kwenda kanisani kila Jumapili. Huko akakutana na mwalimu wa shule ya Jumapili, Edward Kimball.

Siku moja darasa liliambiwa lifungue Injili ya Yohana. Moody akaanza kuitafuta huko mwanzo wa Biblia, kwenye Agano la Kale. Wenzake wakacheka. Kimball hakusema kitu. Alimpa Biblia yake mwenyewe, ikiwa imeshafunguliwa mahali penyewe.

Aprili 21, 1855, Kimball aliamua kumfuata kazini azungumze naye kuhusu imani. Alisitasita, akaupita mlango wa duka, kisha akajikaza na kurudi. Alimkuta kijana nyuma ya duka akifunga viatu kwenye karatasi. Mazungumzo hayakuwa marefu, lakini Moody aliokoka siku hiyo.

Kanisa, hata hivyo, lilimwambia asubiri. Alipohojiwa ili awe mshirika, majibu yake yalikuwa ya kubabaisha mno. Ilimchukua karibu mwaka kukubaliwa.

Mwaka 1856 alihamia Chicago. Alipoomba kufundisha shule ya Jumapili, akajibiwa kuwa walimu wapo wa kutosha. Akitaka darasa, alete wanafunzi wake. Jumapili iliyofuata akatokea na watoto 18 wa mtaani, wachafu, wengine peku. Darasa likakua hadi likahitaji ukumbi, na Novemba 1860 Abraham Lincoln, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa Rais, alilitembelea. Mwaka huohuo Moody aliacha biashara.

Umaarufu wa dunia ulikuja baadaye, kwenye mikutano ya Uingereza ya 1873 hadi 1875 akiwa na mwimbaji Ira Sankey. Aliporudi nyumbani alifungua shule mbili kwa watoto wa familia zisizo na uwezo: ya wasichana Northfield mwaka 1879, na ya wavulana Mount Hermon mwaka 1881.

Wasomi ndio waliompa hofu. Alipohubiri Cambridge mwaka 1882, wanachuo walimzomea na kucheka Kiingereza chake cha kijijini. Hakuondoka, na kabla ya wiki kwisha baadhi ya waliomcheka walikuwa wanasikiliza.

Kwa hiyo Luther Wishard, aliyesimamia kazi ya YMCA vyuoni, alipomwomba aandae kambi ya wanachuo, Moody alisita. Mwisho akakubali. Asubuhi ilikuwa ya mafundisho. Mchana vijana waliachiwa wenyewe: besiboli, kuogelea, kutembea vilimani.

Umisionari haukuwa ajenda ya kambi. Uliletwa na kijana wa Princeton, Robert Wilder, aliyezaliwa India kwa wazazi wamisionari. Yeye na wenzake wachache walianza kukutana pembeni kuombea wapatikane watu wa kwenda nchi za mbali. Wakataka muda wa kusema mbele ya wote.

Shule ilikuwa ya Moody, kambi ya Moody, na angeweza kabisa kuwaambia wafuate ratiba. Aliwapa jioni nzima. Vijana 10, kila mmoja akisemea nchi yake au nchi aliyokulia, walisimama na kuzungumza kwa dakika chache tu.

Baada ya hapo vijana walionekana wawili wawili porini, wengine wakiomba, wengine wakibishana hadi usiku. Si jambo dogo kwa kijana wa miaka 20 kuandika jina lake akijua huenda hatawaona tena wazazi wake. Kambi ilipokaribia kufungwa majina yalikuwa 99. Wa mia alijitokeza kwenye maombi ya mwisho.

Mmoja wa hao 100 alikuwa John Mott wa Cornell, miaka 21. Aliongoza harakati ya wanafunzi iliyozaliwa pale na kuundwa rasmi mwaka 1888, ambayo ilipeleka maelfu ya wamisionari duniani. Mwaka 1946 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Kuanzia 1887 kambi ilihamia Northfield. Jioni Moody aliketi na vijana kwenye kilima kidogo kiitwacho Round Top, karibu na nyumba aliyozaliwa.

Novemba 1899 aliugua akiwa anahubiri Kansas City, akarudishwa nyumbani kwa treni. Alifariki Desemba 22, na akazikwa Round Top.