Frederic Baraga: Mtunga Kamusi katika Nchi ya Shaba

Wanaisimu humtaja Frederic Baraga kwa kamusi yake. Wakazi wa kaskazini mwa Michigan humkumbuka zaidi kwa viatu vipana alivyotembelea juu ya theluji. Makala haya yanashikilia kwamba kazi yake ya lugha haieleweki vyema bila kuzingatia migodi iliyomzunguka.

Baraga alizaliwa mwaka 1797 katika Slovenia ya leo, iliyokuwa chini ya Austria. Alihitimu sheria mjini Vienna mwaka 1821, akapewa upadri mwaka 1823, na mwishoni mwa 1830 akawasili Marekani. Alianza kwa Waottawa wa Arbre Croche, kisha kwa jamaa zao Waojibwe wa La Pointe. Mwaka 1843 akahamia L'Anse, kando ya Ziwa Superior.

Mwaka mmoja kabla, Waojibwe walikuwa wametia saini mkataba wa kuikabidhi serikali ya Marekani ardhi yenye shaba. Wageni wakamiminika Rasi ya Keweenaw: Waayalandi, Wajerumani, Wafaransa wa Kanada, na wachimbaji stadi wa Cornwall (hawa, wengi wao wakiwa Wamethodisti, hawakuwa na haja ya padri). Migodini Baraga alihubiri kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Kijijini, kwa Kiojibwe. Wakati huohuo alinunua ardhi L'Anse ili Waojibwe wasije wakahamishwa.

Ni katika hali hiyo ya lugha iliyozingirwa ndipo sarufi yake ilipotoka Detroit mwaka 1850, mwaka uleule Krapf alipochapisha muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili. Kamusi ilifuata mwaka 1853, mwaka aliowekwa wakfu kuwa askofu. Kitenzi cha Kiojibwe hubadilika kwa kutegemea kama kirejelewa kina uhai au hakina, jambo ambalo msomi wa ngeli atalielewa upesi. Baraga alilitambua, akavipanga vitenzi katika minyambuliko tisa. Hata hivyo, tahajia yake haibainishi kwa uthabiti urefu wa irabu, nayo ni kasoro kubwa, kwa kuwa urefu huo hutofautisha maana.

Mwaka 1866 alihamishia makao yake Marquette, bandari ya madini ya chuma, na huko akafariki tarehe 19 Januari 1868. Kamusi ilichapishwa tena Montreal kuanzia 1878, na kwa mara nyingine mwaka 1992. Anayejifunza Kiojibwe humo hulazimika kuuliza wazee irabu zipi ni ndefu.