Fresnel, mhandisi wa barabara aliyeipunguza lenzi uzito

Uwe Kilolo, Rungwe au Mbarali, chukua simu yako. Tochi ikiwa imezimwa, tazama kwa karibu kile kifuniko kidogo kinachong'aa juu ya taa yake. Katika simu nyingi utaona miduara myembamba, mmoja ndani ya mwingine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. Miduara hiyo inatokana na kazi ya Mfaransa aliyefariki karibu miaka 200 iliyopita, Augustin-Jean Fresnel.

Alizaliwa Broglie, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 10 Mei 1788. Alikuwa mtoto wa kuugua mara kwa mara, na alipofika miaka minane alikuwa bado anasoma kwa shida. Hata hivyo alifaulu kuwa mhandisi, akaajiriwa na serikali kujenga barabara, kazi kama ile iliyochonga mlima wa Kitonga.

Mwaka 1815 Napoleon aliporudi madarakani, Fresnel alijiunga na waliompinga, akasimamishwa kazi. Akarudi nyumbani kwa mama yake, kijiji cha Mathieu, akaanza kuchunguza mwanga. Vifaa hakuwa navyo. Alipohitaji lenzi ndogo ya kukusanya jua, alidondosha tone la asali kwenye tundu dogo la bati la shaba. Vyuma vingine alitengenezewa na fundi wa kufuli wa kijijini. Uchunguzi huo ulimpatia tuzo ya wanasayansi wa Ufaransa mwaka 1819.

Mwaka huohuo aliitwa kusaidia minara inayoongoza meli usiku. Taa zake zilitumia vioo vya chuma vilivyopoteza karibu nusu ya mwanga, na meli ziligonga miamba. Lenzi ingefaa zaidi, lakini lenzi kubwa ya mnara ingekuwa nene na nzito mno, na unene wenyewe ungekula mwanga.

Fresnel alitambua kwamba mwanga hupindishwa kwenye uso wa lenzi, si katika unene wake. Akaondoa kioo kisicho na kazi, akabakiza uso uliokatwa kuwa miduara. Wengine walikuwa wamelifikiria hilo kabla yake bila yeye kujua, lakini yeye ndiye aliyepiga hesabu ya mteremko wa kila mduara. Uso wa lenzi ukiwa umekatwa kama kipande cha mpira, miale ya pembeni hupinda kupita kiasi na kuachana na ile ya katikati. Kila mduara ukiwa na mteremko wake, miale yote hutoka pamoja.

Ikabaki kuchagua kioo. Kioo kizito chenye madini ya risasi kilipindisha mwanga vizuri, lakini ndani kilikuwa na mistari mistari. Akachagua kioo cha kawaida, chenye ukijani kidogo lakini kisafi zaidi. Tarehe 25 Julai 1823 lenzi yake iliwaka katika mnara wa Cordouan, magharibi mwa Ufaransa.

Lenzi ya miduara ina kasoro yake: kwenye maungio ya miduara mwanga hutawanyika, na picha haitoki safi. Ndiyo maana tochi ya simu ina miduara, lakini kamera iliyo kando yake ina lenzi laini. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa plastiki, ambayo ni nyepesi na rahisi lakini huchubuka upesi. Vumbi likijaa, usisugue kwa kitambaa kikavu; pangusa taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Fresnel mwenyewe alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao enzi zake haukuwa na dawa. Aliendelea na kazi ya minara hadi nguvu zilipomwishia. Siku chache kabla ya kifo chake aliletewa kitandani medali ya heshima kutoka Uingereza. Alifariki tarehe 14 Julai 1827, akiwa na miaka 39.