Roger Casement

Roger David Casement (1 Septemba 1864 – 3 Agosti 1916) alikuwa mwanadiplomasia wa Uingereza aliyezaliwa Ireland, mtetezi wa haki za wenyeji wa Kongo na wa bonde la Amazon, na baadaye mpigania uhuru wa nchi yake. Anajulikana hasa kwa taarifa yake ya mwaka 1904 juu ya ukatili uliotendwa katika Dola Huru la Kongo chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akiwa amekwisha kustaafu, alikwenda Ujerumani kutafuta msaada kwa ajili ya Ireland. Alikamatwa mwaka 1916, akahukumiwa kwa kosa la uhaini na kunyongwa mjini London.

Maisha ya awali

Casement alizaliwa Sandycove karibu na Dublin. Wakati huo kisiwa chote cha Ireland kilikuwa sehemu ya Ufalme wa Muungano. Baba yake alikuwa afisa mstaafu wa jeshi la Uingereza na Mprotestanti. Mama yake, Anne Jephson, alikuwa na asili ya Kikatoliki na alimbatiza mwanawe kwa siri katika kanisa hilo alipokuwa mtoto mdogo.

Mama alifariki mwaka 1873 na baba mwaka 1877, hivyo Roger alibaki yatima kabla ya kutimiza miaka 13. Alilelewa na ndugu wa baba yake katika wilaya ya Antrim, kaskazini mwa kisiwa. Aliacha shule akiwa bado kijana, akaajiriwa kuwa karani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool. Hakuwahi kusoma chuo kikuu.

Kazi barani Afrika

Casement alifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1883 akiwa mfanyakazi wa meli. Mwaka uliofuata aliajiriwa na shirika la mfalme Leopold II lililokuwa likifungua vituo kando ya mto Kongo. Kama vijana wengi wa Ulaya wakati ule, aliamini kwamba biashara na utawala wa Kizungu vingekomesha utumwa na kuwaletea watu maendeleo. Mwaka 1890, huko Matadi, alikutana na baharia Mpolandi Joseph Conrad, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya.

Mwaka 1892 aliingia katika utumishi wa serikali ya Uingereza katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Nigeria. Mwaka 1895 aliteuliwa kuwa konsuli, yaani balozi mdogo, mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo nchini Msumbiji. Baadaye alihamishiwa Luanda, na kuanzia mwaka 1900 alipewa kazi ya kuanzisha ukonsuli wa Uingereza katika Dola Huru la Kongo.

Dola hilo lilikuwa mali ya Leopold mwenyewe, si koloni la Ubelgiji. Lilienea kutoka mdomo wa mto Kongo hadi pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya nchi ya Ufipa. Utajiri wake mkubwa ulikuwa pembe za ndovu na utomvu wa mpira, uliohitajiwa sana Ulaya na Marekani kwa ajili ya magurudumu. Vijiji vililazimishwa kuleta kiasi fulani cha mpira kila baada ya siku kadhaa, na askari wa serikali walitumwa kuwaadhibu walioshindwa.

Taarifa ya Kongo

Kwa miaka kadhaa wamisionari na mwandishi Edmund Dene Morel walikuwa wamelalamika juu ya hali hiyo. Mnamo Mei 1903 Bunge la Uingereza lilijadili suala la Kongo, na serikali ikamwagiza Casement afanye uchunguzi. Aliondoka mwezi Juni kwenda sehemu za juu za mto. Alikodi mashua ndogo ya mvuke ya wamisionari kutoka Marekani ili asitegemee vyombo vya serikali ya Kongo wala kuonyeshwa yale tu ambayo maafisa walitaka ayaone.

Casement alikuwa na faida moja ambayo wachunguzi wengine hawakuwa nayo: aliwahi kupita katika maeneo hayohayo miaka 16 kabla. Huko Lukolela alikumbuka mji wa watu 5,000. Sasa alikuta wasiofika 600. Alisikiliza ushuhuda wa wanakijiji, wakimbizi na wamisionari. Alieleza jinsi wanawake walivyofungwa kama rehani mpaka waume zao walete mpira, jinsi watu walivyochapwa viboko, na jinsi askari walivyowakata watu mikono. Mikono hiyo ilitumika kuwathibitishia wakubwa wao kwamba risasi hazikupotea bure.

Taarifa ilitolewa kwa umma Februari 1904. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imeondoa majina ya watu na vijiji na kuweka herufi badala yake. Casement alikasirika sana, kwa kuwa aliona kwamba ushahidi usio na majina ni rahisi kukanushwa. Kweli, watetezi wa Leopold walitafuta kila kasoro. Walishikilia hasa habari ya kijana aitwaye Epondo, aliyekatwa mkono: baada ya Casement kuondoka, maafisa walitoa maelezo mapya kwamba mkono huo uliumwa na nguruwe mwitu.

Mwezi Machi 1904 Morel alianzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo baada ya kushauriana na Casement. Akiwa mtumishi wa serikali, Casement hakuweza kuwa kiongozi wake wa wazi, lakini alitoa fedha na aliendelea kumwandikia Morel barua nyingi za ushauri. Leopold alilazimika kuunda tume yake mwenyewe ya uchunguzi, na tume hiyo ilithibitisha mambo mengi yaliyoandikwa na Casement. Mwaka 1908 dola lilichukuliwa kutoka kwa mfalme na kuwa koloni la Ubelgiji. Kazi za kulazimishwa hazikuisha mara moja, ila mamlaka ya mtu mmoja juu ya nchi nzima yalikoma.

Amerika Kusini

Kuanzia mwaka 1906 Casement alikuwa konsuli nchini Brazil, kwanza Santos, halafu Pará, na mwishowe konsuli mkuu mjini Rio de Janeiro. Mwaka 1910 alitumwa kuchunguza habari za mateso katika eneo la mto Putumayo, mpakani mwa Peru na Kolombia. Huko kampuni ya Peruvian Amazon, iliyoongozwa na mfanyabiashara Julio César Arana, ilikusanya mpira kwa kuwatumikisha Wahindi wekundu. Kampuni iliandikishwa London na iliajiri wasimamizi kutoka kisiwa cha Barbados, waliokuwa raia wa Uingereza. Kwa sababu hiyo serikali ya Uingereza ilikuwa na haki ya kuuliza maswali.

Casement alikuta mambo aliyoyafahamu tangu Kongo: viboko, njaa, mateka na mauaji. Mwaka 1911 alipewa heshima ya kuitwa Sir kwa sababu ya utumishi wake. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1912, kampuni ikavunjwa, lakini Arana hakuwahi kufungwa.

Kugeukia Ireland

Casement mwenyewe alieleza kwamba ni Kongo iliyomfanya aitazame upya nchi yake. Aliposikiliza watu walionyang'anywa ardhi na kutawaliwa kwa nguvu, alikumbuka historia ya Waairishi. Alijifunza lugha ya Kiairishi na kuchangia shule zilizoifundisha.

Mwaka 1913 alistaafu, akiwa na afya iliyodhoofishwa na malaria na ugonjwa wa viungo. Mwezi Novemba mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jeshi la kujitolea la Waairishi. Alisaidia kupatikana kwa fedha za kununulia bunduki zilizoingizwa Howth, karibu na Dublin, Julai 1914. Wakati silaha hizo zinashushwa, yeye alikuwa Marekani akichangisha fedha kwa Waairishi waliohamia huko.

Barua za wakati wa vita

Vita vilipoanza Agosti 1914, Casement aliona kwamba Waairishi hawakuwa na sababu ya kuifia Uingereza. Akiwa New York aliandika barua ya wazi kwa gazeti la Dublin akiwahimiza vijana wasijiandikishe jeshini. Barua hiyo ilimtenga na serikali aliyoitumikia zaidi ya miaka 20, na ambayo bado ilimlipa pensheni.

Oktoba 1914 alisafiri kwa siri kupitia Norwei hadi Berlin. Mwakilishi wa Uingereza nchini Norwei, Mansfeldt Findlay, aliwasiliana na mtumishi wa Casement, baharia Adler Christensen, na kumpa ahadi ya maandishi ya pauni 5,000 kama angesaidia Casement akamatwe. Casement aliipata hati hiyo. Tarehe 1 Februari 1915 alimwandikia barua ndefu Edward Grey, waziri wa mambo ya nje na mkuu wake wa zamani, akimshtaki kwa njama dhidi yake na kukana heshima alizopewa. Alituma nakala kwa magazeti na kwa mabalozi wa nchi mbalimbali.

Kazi yake nyingine Ujerumani haikufanikiwa. Alijaribu kuunda kikosi cha Waairishi kutoka kwa wafungwa wa vita waliokusanywa katika kambi ya Limburg. Wengi walimkataa, na wengine walimzomea. Waliojiunga walikuwa 56 hivi tu. Polepole alitambua kwamba Wajerumani walitaka kuitumia Ireland kwa faida yao, kama wakoloni wengine walivyozitumia nchi za Afrika.

Wakati uleule vita vilikuwa vikipiganwa pia kandokando ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji waliokuwa wamechukua Kongo kutoka kwa Leopold walipigana pamoja na Waingereza dhidi ya Wajerumani. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliteka boma la Bismarckburg, yaani Kasanga, kwenye pwani ya Ufipa. Kufikia siku hizo Casement alikuwa kifungoni London akisubiri kesi yake.

Kukamatwa na kesi

Mapema mwaka 1916 viongozi wa Dublin walipanga maasi wakati wa Pasaka. Ujerumani ilikubali kutuma meli ya silaha yenye bunduki 20,000, lakini haikutuma askari. Casement aliona kwamba maasi bila jeshi yangeleta vifo vya bure, akaomba apelekwe Ireland ili ayazuie au yaahirishwe. Alifikishwa kwa nyambizi na kushuka katika ufuko wa Banna, wilaya ya Kerry, tarehe 21 Aprili 1916, siku ya Ijumaa Kuu. Alikamatwa baada ya saa chache. Meli ya silaha ilizuiwa na wanamaji wa Uingereza, na nahodha wake akaizamisha. Waingereza walikuwa wamesoma simu za siri za Wajerumani na walijua safari hiyo mapema.

Maasi yalianza tarehe 24 Aprili na kuzimwa ndani ya wiki moja. Viongozi 15 walipigwa risasi mwezi Mei. Casement alishtakiwa London tarehe 26 hadi 29 Juni kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1351. Wakili wake alidai kwamba sheria hiyo haikuhusu matendo yaliyofanyika nje ya ufalme. Maandishi yake yalikuwa ya Kifaransa cha kale bila alama za vituo, na hoja ikategemea mahali pa kuweka mkato. Mahakama iliikataa hoja hiyo na kumhukumu kifo. Rufaa yake pia ilishindwa.

Watu wengi waliomba asamehewe, wakiwemo waandishi Arthur Conan Doyle na George Bernard Shaw. William Cadbury, tajiri wa kiwanda cha chokoleti aliyewahi kumsaidia katika kampeni ya Kongo, alichangia gharama za kesi. Joseph Conrad alikataa kutia sahihi, na Morel alikaa kimya. Wakati huohuo maafisa wa serikali waliwaonyesha wabunge, maaskofu na wanahabari kurasa za shajara zilizosemekana kuwa za Casement, zilizoeleza uhusiano wake wa kimapenzi na wanaume. Jambo hilo lilikuwa kosa la jinai Uingereza wakati ule, na wengi waliokuwa wakimtetea walinyamaza.

Casement alivuliwa cheo cha Sir. Siku zake za mwisho aliwaandikia ndugu na marafiki barua za kuwaaga. Alipokelewa katika Kanisa Katoliki na kunyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 3 Agosti 1916.

Baada ya kifo

Alizikwa ndani ya gereza. Serikali ya Ireland huru iliomba mabaki yake kwa miaka mingi, na Uingereza ilikubali mwaka 1965. Casement alitaka kuzikwa Murlough Bay huko Antrim, lakini sharti la Waingereza lilikuwa asipelekwe Ireland ya Kaskazini. Alifanyiwa mazishi ya kitaifa tarehe 1 Machi 1965 katika makaburi ya Glasnevin, Dublin. Rais Éamon de Valera, aliyekuwa mmoja wa makamanda wa maasi ya 1916, alihudhuria.

Kwa muda mrefu Waairishi wengi waliamini kwamba shajara zilighushiwa. Uchunguzi wa kitaalamu wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ziliandikwa kwa mkono wake, ingawa wapo wanaoendelea kupinga. Mwandishi wa Peru Mario Vargas Llosa alitunga riwaya juu ya maisha yake mwaka 2010, na uwanja mkubwa wa michezo mjini Belfast ulipewa jina lake.

Katika historia ya Afrika Casement anakumbukwa kama mmoja wa maafisa wachache wa ukoloni waliotumia nafasi yao kuandika yale ambayo wenyeji waliwaambia. Taarifa yake ya mwaka 1904 bado inasomwa na wanahistoria, kwa kuwa imehifadhi ushuhuda wa watu wa mto Kongo ambao vinginevyo usingefika kokote.