Christian Anfinsen: Aliyethibitisha kuwa protini hujikunja yenyewe

Mei 14, 1995 alifariki dunia huko Maryland, Marekani, kwa shambulio la moyo, Profesa Christian Anfinsen, mkemia aliyejibu swali gumu: nani anayeielekeza protini namna ya kujikunja?

Alizaliwa Machi 26, 1916 mjini Monessen, Pennsylvania, mtoto wa wahamiaji kutoka Norway. Mwaka 1939 alikwenda kujifunza mambo ya protini katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, lakini vita vikamrudisha nyumbani. Alipata udaktari Harvard mwaka 1943, na mwaka 1950 akahamia Taasisi za Taifa za Afya, Bethesda.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Ili ifanye kazi, lazima mnyororo huo ujikunje katika umbo lake maalumu. Anfinsen alichagua ribonukliasi, kimeng'enya kinachotoka katika kongosho la ng'ombe, chenye asidi amino 124 na vifungo vinne vya salfa. Akakikunjua kwa urea, ile ile ambayo wakulima wanaijua kama mbolea, pamoja na kemikali ya kukata vifungo.

Lakini umbo dogo kiasi hicho halionekani kwa macho. Basi mwaka 1957 yeye na Michael Sela walitumia mwanga, wakapima jinsi kimeng'enya hicho kinavyofyonza miale ya urujuanimno na kinavyouzungusha mwanga. Umbo likibadilika, vipimo navyo hubadilika.

Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa urea ikiondolewa, mnyororo hujikunja upya na kazi yake hurudi. Vifungo vile vinaweza kuungana kwa namna 105, lakini vilirudi kwenye ile moja sahihi. Maana yake ni kwamba maelekezo yamo katika mpangilio wa asidi amino wenyewe. Mwaka 1972 alitunukiwa Nobel ya Kemia, pamoja na Stanford Moore na William Stein.

Heshima hiyo hakuikalia kimya. Katika miaka ya 1980 alihudumu katika kamati ya wanasayansi wa Marekani iliyowatetea wenzao waliofungwa na tawala za kidhalimu.

Protini kubwa, zenye sehemu kadhaa, zina ukaidi wake: sehemu moja inaweza kunasa nyingine, na seli hulazimika kuzisaidia. Watafiti bado wanazichunguza kwa mwanga. Na programu za kompyuta za kubashiri maumbo ya protini, zilizotuzwa Nobel mwaka 2024, zimejengwa juu ya msingi aliouweka Anfinsen.